Nishikie Mbwa Huyu Kidogo

Wewe uliyenisoma wiki iliyopita uliniacha nimesimama mlangoni kwangu Msambweni, na Bi Mwanamkuu amenyoosha mkono nimpe kata yangu.

Nilimpa.

Kata ile ni ya kuoshea maiti. Nimeishika miaka tisa, tangu mume wangu Suleiman atangulie, Mungu amrehemu. Mwanamke akifa mtaani kwetu naitwa mimi, na Bi Mwanamkuu ndiye mkubwa wetu sisi waoshaji. Sina watoto, sina shamba la kutajwa. Heshima yangu yote mbele ya watu ilikuwa katika kile kifuu na mpini wake.

Bi Mwanamkuu hakupandisha sauti. Alisema wanawake wamekaa, wamezungumza, na hawataki mikono inayomlisha mbwa iwaguse watu wao siku ya mwisho. Nikamwambia namlishia mbali, kwa chombo chake, na kila akinilamba najitwahirisha mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa. Akasema anajua, na amewaambia, na hawasikii.

"Nakupa mpaka keshokutwa Ijumaa, baada ya sala," akasema. "Mbwa akiondoka, kata itarudi. Asipoondoka, Mwanafatuma, hata wewe siku yako ikifika sijui ni nani atakayekuja kukuosha."

Akaenda zake na kata yangu kwapani.

Kwa anayekutana nami leo, kosa langu ni hili. Siku arobaini nyuma nilikwenda hospitali kumwosha marehemu mmoja. Nilipotoka nikamkuta mzee wa Kiduruma ameketi barazani, miguu imevimba, anapumua kwa tabu, na mbwa mkubwa wa rangi ya udongo amelala juu ya nyayo zake. Wauguzi walikuwa wameshamwita mara tatu. Hakutaka kuingia, kwa sababu mbwa haruhusiwi, na hakuna mtu aliyekubali kumshikia kamba.

"Mama, nishikie mbwa huyu kidogo," akaniambia.

Nikaishika ile kamba kwa ncha ya kanga.

Mzee yule aliitwa Mwero, na mbwa aliitwa Dzuwa, yaani jua. Kabla hajainuka aliniambia mambo manne kwa haraka, kama mtu anayefunga mzigo huku gari linanguruma. Kwamba Dzuwa ni mbwa wa kuchunga, hajawahi kula bure. Kwamba wakati wa ukame aliwaweka mbuzi wake kumi na mmoja kwa rafiki yake mwenye malisho, na rafiki ameleta habari kuwa maradhi yamewamaliza wote. Kwamba ana binti, jina lake Sidi, ameolewa upande wa Kinango. Na kwamba yeye asipotoka, mbwa apewe mtu mwenye mifugo, asiachwe akapigwa risasi njiani.

Nikamjibu inshallah. Niseme ukweli, kwa kuwa ndio nilioahidi kuusema humu: niliitamka kama tunavyoitamka tukitaka mtu aende zake. Mzee Mwero aliipokea kama kiapo. Akainuka, akaingia, hakutoka tena.

Kuna kitu cha tano aliniachia pale barazani. Alibana midomo akapiga mbinja, mbili fupi na moja ndefu.

"Akigoma, mpigie hivi."

Nikainamisha uso kwa haya. Kwetu mwanamke hapigi mbinja. Tangu utoto tunaambiwa kwamba inaita mashetani, na kwamba mwanamke apigaye mbinja hakulelewa.

Tangu siku ile nimemtafutia mbwa mahali. Nilimtumia salamu yule binti, Sidi, kwa watu wa malori, mara mbili, sikupata jibu. Nilimwendea maalim. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mbwa wa mifugo ana ruhusa, binti yangu. Mifugo yako iko wapi?"

Mfuga ng'ombe mmoja wa Lunga Lunga alimfungua kinywa, akamtazama meno, akasema mbwa mzima kama huyu ameshakuwa na mtu wake moyoni, yeye anataka mtoto wa mbwa amfundishe mwenyewe. Meneja wa hoteli moja Diani alimchukua, nikasali rakaa mbili za shukrani. Siku ya tatu akamrudisha kwa gari. Dzuwa alikuwa akiwazunguka watoto wa wageni ufukweni na kuwakusanya wote mahali pamoja, wakitaka wasitake, na mama zao walikuwa wakilia.

Kisha serikali ikatangaza. Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia tarafani kwetu. Kila mbwa aandikwe kitabuni kwa mzee wa kijiji, kwa jina la mtu mwenye zizi au shamba la kulinda. Asiyeandikwa, Jumamosi angekutana na bunduki. Mzee wa mtaa wetu alikataa kuniandika. Alisema atachekwa yeye na kitabu chake, kuweka jina la mwosha maiti kwenye orodha ya wenye mbwa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatano ile Bi Mwanamkuu alipoondoka. Nikaenda kwa muuza nyama, ambaye anajua kila zizi kutoka kwetu hadi mpakani. Akaniambia yuko mtu Kikoneni, anaitwa Tembo, ana mbuzi zaidi ya mia, na chatu amemla mbwa wake wiki iliyopita. Anataka mbwa mzima anayejua kazi.

Alhamisi nilisali alfajiri nikatoka. Gari lisingetuchukua, basi tulikwenda kwa miguu, mimi na Dzuwa na kamba baina yetu. Tulipita mashamba ya miwa, tukapanda. Watu walituona. Wengine waliniamkia na macho yao yako kwa mbwa. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni aliniuliza kama nimeolewa tena. Nikacheka naye. Nilikuwa na njaa, miguu inawaka, na kicheko hakikunipunguzia kitu.

Tulifika saa tano. Tembo alikuwa zizini, mtu mnene, shati limefunguliwa vifungo. Alipomwona Dzuwa alirudi hatua nyuma. Hakunikaribisha wala kuitika salamu yangu.

"Umempata wapi huyu?"

Nikamweleza, mzee Mwero, hospitali, kamba.

"Na Mwero mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Amefariki kweli? Ulimwona?"

Nikasema nilimwona akizikwa. Akauliza tena, ni nani aliyekuwapo, kuna jamaa yake aliyekuja. Nikamwambia hapakuwa na mtu, ila mimi na mbwa na wachimba kaburi wa hospitali. Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Akaniamkia sasa, akamwambia mkewe Jumwa aniletee maji, akasema Mwero alikuwa mtu mzuri na dunia inapita.

Nami, mtu ninayejisifu kwa kuangalia, niliyaona yote hayo nisiyapime. Nilidhani ndivyo wanaume wanavyoomboleza.

Mzee wa kijiji alikuwa pale pale kivulini, Mzee Kavumbi, mwembamba, ana miwani imefungwa uzi, na kitabu chake cha kuandikia mbwa mapajani. Akanihesabu kama baraka. Alisema zizi la Tembo ndilo la mwisho, mbwa akionekana anafaa atamwandika hapo hapo, naye aende nyumbani.

"Lakini tumwone kwanza kazini," akasema. "Sitaki kuandika mbwa wa kulala."

Tembo akaamuru mbuzi wafunguliwe. Walitoka kama maji, wakatawanyika bondeni kwenye vichaka. Nikamfungua Dzuwa kamba.

Akawatazama mbuzi muda mrefu, masikio yamesimama, mwili unamtetemeka. Kisha akalala chini, kidevu juu ya miguu.

Tembo akampigia kelele. Akapiga makofi. Akamrushia donge la udongo. Dzuwa hakugeuza hata jicho. Kule Diani alijituma mwenyewe kwa watoto, lakini mbele ya mbuzi alikuwa mfanyakazi, alisubiri amri ya kazi.

"Mama, umetembea mbali sana kuniletea mkeka," Tembo akasema, na wachungaji wake wakacheka.

Mzee Kavumbi akafunga kitabu. Nilisikia lile jalada likilia, nikaona Jumamosi. Nikaona bunduki inapita mtaani kwetu. Nikaona Ijumaa pia, na maiti wa kwanza atakayeoshwa bila mimi.

Nikamwomba Mzee Kavumbi anisubiri kidogo. Nikaenda nyuma ya jiko, nikajifunika kanga mpaka puani. Nikasema astaghfirullah mara tatu. Kisha nikabana midomo.

Ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Ya pili ikatoka. Mbili fupi, moja ndefu.

Nilipochungulia, wachungaji walikuwa wamegeuka wote kutazama jiko, vinywa wazi. Lakini Dzuwa hakuwapo tena pale alipolala. Alikuwa bondeni, tumbo karibu na ardhi, anakwenda kama kivuli cha wingu. Habweki wala haumi. Anapita kwa huku, mbuzi anageuka. Anapita kwa kule, mwingine anatoka kichakani.

"Haya, huyo ndiye mbwa," Mzee Kavumbi akasema, akakifungua kitabu.

Nilitoka nyuma ya jiko machozi yananitoka. Hata aibu niliisahau.

Dzuwa akarudi na mbuzi. Akawaleta mpaka miguuni pangu, akawazunguka mara moja, akaketi. Mzee Kavumbi akasubiri wengine. Tembo naye akasubiri. Wengine hawakuja. Zaidi ya mbuzi mia walikuwa bado wanakula bondeni, na Dzuwa hana habari nao.

Nikahesabu walioletwa. Kumi na mmoja.

Nikahesabu tena, kwa kidole, chini ya kanga.

Kila mfugaji wa huku ana namna yake ya kumkata mbuzi sikio, na kwa alama hiyo mali ya mtu hujulikana hata ikichanganyika na ya mwenziwe. Wale kumi na mmoja walikuwa na alama ya Tembo kama wengine. Lakini ya wengine ilikuwa imepona zamani, imeota manyoya. Ya hawa bado ilikuwa na kigaga cha kidonda, na sikio limekatwa fupi sana, kama mtu aliyetaka kuondoa kilichokuwapo kabla. Aliyewakata aliwadanganya watu wote. Mbwa hasomi masikio.

Jumwa alikuwa amesimama na kata ya maji mkononi. Macho yetu yalikutana. Akayatoa yake haraka, akaingia ndani, na maji sikupewa.

Tembo alinijia karibu, akajifanya anamshika mbwa kichwa. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayepanga ndoa.

"Mwero amekufa, mama. Wewe una ahadi ya mbwa, huna ahadi ya mbuzi. Sema hujui kitu, na Dzuwa analala hapa leo, jina lake kitabuni, nyama kila wiki. Sema jingine, na umchukue urudi naye. Jumamosi si mbali."

Mzee Kavumbi hakuwa mjinga. Alivua miwani akaifuta, akaivaa. Akawatazama wale mbuzi, akamtazama Tembo, mwisho akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye uliyesema na marehemu. Alikwambia neno lolote juu ya mbuzi wake?"

Hapa ndipo niliporuka kila nilipojaribu kuandika habari hii. Wiki nzima mhariri amenisubiri kwa ajili ya mistari hii michache.

Nilimtazama Dzuwa. Alikuwa anahema, ulimi nje, na kwa mara ya kwanza katika siku arobaini mkia wake ulikuwa unapiga ardhi. Alikuwa amefanya kazi. Alikuwa ameleta mbuzi wa mzee wake nyumbani, na alidhani nimefurahi.

Nikafikiri: Sidi hakujibu salamu. Mzee yuko kaburini. Mbuzi watakula majani yale yale, wawe wa huyu au wa yule. Na mimi nataka kata yangu. Ewe Mola, hilo ndilo nililolifikiri zaidi, kata yangu.

"Hakuniambia neno," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mzee Kavumbi akashusha pumzi. Akaandika: mbwa mmoja dume, rangi ya udongo, mwenyewe Tembo. Kisha akaongeza mistari miwili chini, akanisomea. Ilisema kwamba mimi niliyemleta mbwa sina habari ya mifugo yoyote ya marehemu Mwero. Alisema anaandika hivyo ili baadaye asije mtu kuzua maneno.

"Tia kidole, mama."

Nikamwambia sina haja ya kidole, najua kuandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu wangu alikuwa akiwaonyesha wengine mwandiko wangu. Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu lote, Mwanafatuma binti Zahoro, herufi zimesimama sawasawa, kwa mkono ule ninaowafumbia wafu macho.

Tembo akapaza sauti mgeni aletewe chakula. Nikasema sili. Nikaichukua kamba yangu, nikaikunja, nikaitia kikapuni. Nikataka kuondoka bila kumtazama Dzuwa.

Hapo mbinja ikalia.

Mbili fupi, moja ndefu. Si mimi. Ilitoka chini, njiani, kali na safi, ya mtu aliyeizoea tangu mdogo na asiyeona haya nayo.

Dzuwa aliruka kana kwamba amechomwa. Alitoa sauti nisiyowahi kuisikia kwake, kama kilio cha mtoto aliyeamshwa. Lakini hakukimbia. Alizunguka kwanza nyuma ya wale mbuzi kumi na mmoja, akawainua, akawaswaga kuteremka njiani, upesi, katikati ya wachungaji wa Tembo ambao hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwanamke kijana alikuwa anapanda, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Mbuzi wakamzunguka. Akapiga magoti palepale njiani, akamkumbatia mbwa shingoni, na mtoto mgongoni akaanza kulia kwa kubanwa.

Alipoinuka alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndiye Mama Mwanafatuma uliyenitumia salamu?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikutoka.

Alisema yeye ni Sidi. Alisema salamu zilimfikia juzi tu, lori liliharibika njiani, na muuza nyama wa Msambweni ndiye aliyemwelekeza huku. Alisema hakuja kudai kitu, mume wake amemwacha na hana cha kudai, alitaka mbwa wa baba yake tu, amlee, awe na mtu wa kwao.

Kisha akainama, akamshika mmoja wa wale mbuzi, beberu mwenye baka jeupe kifuani. Akalipapasa sikio lenye kigaga. Akalipapasa polepole, kama anayesoma kitu kwa vidole. Akamwita beberu yule kwa jina, na beberu akaitika.

"Mama," akasema, hajanyanyua uso, "wewe ndiye mtu wa mwisho kusema na baba. Hakukwambia neno juu ya mbuzi wetu?"

Tembo hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Na Mzee Kavumbi, aliyekuwa anakipepea kitabu ili wino wa jina langu ukauke, akauzuia mkono wake hewani, akasubiri na yeye.